Disketi ya Wambeti na Kiondo cha Mwalimu

Mtu akiniambia tena kwamba Wambeti ndiye aliyeleta virusi vya kompyuta hapa kwetu Karurumo, nitamjibu vibaya, na sitaomba msamaha. Mimi ni Igoki, nimeolewa na kaka yake Wambeti. Kwetu ni Meru, na watu wa huku Embu husema sisi Wameru hasira yetu iko karibu. Sawa, iwe karibu. Kuna mambo ukiyaangalia kwa upole unakuwa mjinga.

Wifi yangu Wambeti alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya serikali kule Embu mjini tangu usichana wake. Miaka ile ya tisini serikali ilipoanza kupunguza watu kazini, barua ikamfikia na yeye. Wenzake walichukua malipo ya kuagwa wakanunua ng'ombe wa gredi wa maziwa, wengine wakafungua vioski, wengine wakayanywa yote. Yeye alinunua kompyuta ya mitumba na printa, akaziweka sebuleni, akazifunika kwa kitambaa alichokifuma mwenyewe, sare na kile cha redio. Watu walicheka mpaka basi. "Mama Winrose ameleta televisheni bubu!" Haikuchukua muda, hao hao wakaanza kupiga hodi wakitaka programu za mazishi na kadi za harambee.

Lakini kazi iliyomlisha hasa ni mitihani. Walimu wakuu wa zoni yetu walimpa achape mtihani wa majaribio wa darasa la nane. Winrose, binti yake wa pekee, alikuwa sekondari ya bweni, na baba mtu alikuwa ameshalala udongoni. Kazi ya mitihani ikipotea, karo inakosekana na Winrose anarudi nyumbani kuchuma kahawa ya watu. Hilo sote tulilijua, na Mwalimu Ndwiga, mwenyekiti wa hao walimu wakuu, alilijua kuliko sisi sote.

Kompyuta nazo zilikuwa zimeanza kuugua. Virusi vilikuwa vinasafiri ndani ya disketi, vile vibao vya plastiki vya kuwekea kazi, vikitoka mashine hii kuingia ile. Ofisi moja mjini ilipoteza hesabu zote za wakulima. Wambeti akaniambia, "Igoki, twende Embu. Mimi sitangoja kuliwa."

Tukaingia duka la kijana mmoja, Riungu, mwenye tai ndefu kuliko heshima yake. Alituangalia viatu kwanza, vilikuwa na udongo mwekundu.

"Antivairasi ya nyumbani, mama? Chukua hii." Akaweka juu ya meza boksi linalong'aa, limechorwa ngao na upanga. "Inakinga, inafunga mafaili kwa neno la siri, na inapiga simu yenyewe kwa kampuni ili kujiongezea nguvu."

"Inapiga kwa simu gani?" Wambeti akauliza. "Nyumbani kwangu hakuna waya wa simu."

"Utavutiwa waya tu siku moja."

"Na kabla ya siku hiyo, vikitokea virusi vipya, itavijua?"

Riungu akacheka. "Mama, wewe si fundi. Ngao ni ngao." Kisha akainama kama mtu anayeuza bangi, akatoa disketi isiyo na boksi. "Ama nikupe hii kopi yangu. Yote ni kitu kimoja."

"Hii imeshaingia kwa mashine za nani?"

"Za kila mtu! Ndiyo ujue ni nzuri."

Haki, nilitaka kumvuta ile tai. Wambeti aliinama. Alikuwa ameona boksi la kadibodi la kawaida pale chini, lina vumbi. Alilisoma mbele na nyuma, amesimama, huku Riungu akipiga miayo. Kampuni ya boksi lile ilikuwa ikituma disketi mpya kwa posta kila baada ya miezi mitatu, ikiwa na dawa ya virusi vilivyozuka karibuni. Sanduku la posta analo Runyenjes. Akalilipia hilo.

"Ya posta!" Riungu akamwambia mwenzake kabla hata hatujafika mlangoni. "Akina mama wa shamba bwana." Nilirudi nikamwambia yangu, lakini hayo si ya kuandikwa.

Nyumbani, Wambeti alinionyesha ile disketi ilivyo. Ina kidirisha kidogo pembeni. Kikiwa wazi, disketi inasomeka tu, hakuna kitu kinachoweza kuandikwa ndani yake. Ukikifunga, mashine inaweza kuweka vitu, na virusi navyo vinapata mlango. Niliona ni mambo kinyume, lakini alinirudishia mpaka nikaelewa. Cha disketi yake alikiacha wazi. Kila Jumatatu, kabla ya kazi, alikuwa anaiwasha kompyuta kwa disketi ile, inakagua ndani, halafu ndipo anaanza kuchapa.

Habari ikaenea kwamba Wambeti ana dawa. Wa kwanza kuja akawa Mwalimu Ndwiga. Shule yake ilikuwa imepewa kompyuta na wafadhili, na walimu walikuwa wakiichezea michezo ya karata kutwa. Alikuja na kiondo cha mkewe, kikapu cha kusukwa, kimejaa nduma, yaani magimbi, akakiweka mezani, ndipo akasema shida yake.

Wambeti hakutaka. Nilimwona uso. Lakini kwetu huku mtu akija kuomba moto humnyimi, tena mtu aliyekuja na kiondo. Akampa disketi. "Mwalimu, hiki kidirisha kisiguswe. Kiache wazi hivi hivi."

"Mama Winrose, mimi ni mwalimu," Ndwiga akasema.

Ilirudi baada ya siku chache, kidirisha kikiwa wazi kama alivyokiacha. Wambeti akaitia kwa boksi lake akashukuru Mungu. Kiondo cha nduma kikabaki kimetundikwa kwenye msumari jikoni, kikingoja ndizi zake zikomae, maana kiondo cha mtu hakirudishwi kitupu. Ukikirudisha kitupu umemwambia mwenyewe kwamba undugu umeisha. Hata mtoto wa juzi anajua hivyo.

Sasa sikia. Wiki ile ile mitihani ikaletwa kwa maandishi ya mkono. Sheria ya walimu ilikuwa kwamba Wambeti akimaliza kuchapa, karatasi za mkono zinachomwa, watoto wasije wakaiba maswali. Ndwiga mwenyewe alikuja akasimama nyuma ya jiko letu mpaka zikawa majivu. Jumatatu Wambeti akaiwasha kompyuta kwa disketi yake, kama kawaida, ili aanze kutoa nakala. Kioo kikawa cheusi. Kisha mashine ikaandika kwamba haina kitu ndani. Ala! Akachukua disketi za akiba alizowekea mitihani, akazitia moja moja akijaribu, na ile mashine mgonjwa ikazila zote.

Nilimkuta amekaa sakafuni, kitambaa cha kompyuta kwenye mapaja. Hakulia. Alisema tu, "Igoki, Winrose." Mimi ndiye niliyelia, kwa hasira.

Mkutano wa walimu wakuu ulifanyika shuleni kwa Ndwiga. Wambeti aliitwa kama mshtakiwa, nami nikamfuata bila kuitwa. Mutegi, karani wa chama cha kahawa, ambaye pia aliikopa ile disketi baada ya Ndwiga, akasimama kusema mashine ya chama imekufa. Ndwiga akajishika kidevu. "Wazee, ni wazi. Disketi ya mama huyu ndiyo ilizunguka kwetu sote. Ugonjwa umetoka kwake."

Watu wakaitikia kwa vichwa. Wambeti akauliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, ulipokuja kuikopa, mashine ya shule ilikuwa nzima?"

"Ilikuwa inaugua. Kwani mtu mzima hukopa dawa?" Watu wakacheka, na yeye akapata nguvu. "Tena mimi ndiye wa kulalamika! Nilikurudishia disketi yako kwa adabu, nikakuwekea zawadi ndani, wimbo wa kwaya yetu, maneno yote, beti zote. Hata asante sikuisikia!"

"Uliweka wimbo ndani?"

"Sasa ningekurudishia chombo chako kitupu? Mimi sikulelewa hivyo. Ilikataa mara ya kwanza, nikafunga kile kidirisha chako, ikakubali. Halafu nikakifungua tena, kama ulivyoniagiza."

 Mutegi akainamisha kichwa. Hata wasiojua kompyuta walielewa, kwa sababu Wambeti alieleza pale pale, polepole, kama mtu anayesema na wagonjwa: mashine inayougua, kidirisha kimefungwa, wimbo umeingia na kirusi kimeingia nao, kirusi kipya kuliko dawa yenyewe.

Na wale wasomi walisema nini? Mmoja alikohoa. Mwingine akasema basi yaishe, tusilaumiane, bahati mbaya haina kwao. Bahati mbaya! Ndwiga akasema mitihani imeandikwa upya kwa mkono na imeshapelekwa ichapwe mjini, kwa Riungu, na ya muhula ujao pia, maana huko ni dukani na kuna usalama. Kwa Riungu! Mwenye kopi iliyoingia kwa kila mtu! Nilisimama nikawaambia shukrani ya punda ni teke, nikataja na majina ya punda waliokuwepo. Wambeti akanishika mkono tukatoka. Muhula ule Winrose alirudi nyumbani na sanduku lake, akakaa, akachuma kahawa ya watu. Nilimwona na ndoo kiunoni. Bado nikikumbuka damu inachemka.

Miezi mitatu ikapita. Posta ikaleta disketi mpya, na dawa mpya, na ile mashine ya Wambeti ikapona. Na nani akaja kupiga hodi? Ndwiga! Amenyoosha shati, anatabasamu.

"Mama Winrose, ile yetu ya shule imeanza tena. Nasikia posta imekukumbuka."

Nilikuwa pale napepeta njahi, maharagwe meusi ya huku. Nikaziacha ili nisikose neno. Wambeti akanyanyuka, akaenda jikoni. Ndizi za kiondo kile zilikuwa zimeshakomaa, mkungu mzima uko pale mlangoni. Akatoa kiondo kwenye msumari, akarudi nacho, akakipindua juu chini, akakikung'uta mbele ya macho ya Ndwiga, akamkabidhi kwa mikono miwili.

Ndwiga akaangalia ndani. Akaangalia mkungu. "Mama Winrose... kitupu?"

"Kitupu, Mwalimu. Kiko safi. Sijaweka kitu ndani."

Ule uso wake ulianguka. Alikwenda nacho ameshikilia kwapani, akakatiza sokoni siku ya soko, na akina mama wote wakaona. Nyumbani mkewe, Nelius, aliyenisimulia mwenyewe, alikipokea, akakipapasa ndani, akamuuliza, "Umemfanyia nini yule mama?" Akakataa kukitundika. Alikiacha katikati ya meza ya chakula, na Ndwiga akala akikitazama mpaka alipoita mkutano.

Safari hii tuliitwa wote wawili. Akasimama mbele ya wenzake wale wale akasema kwa kinywa chake: mashine ya shule ndiyo iliyougua kwanza, kidirisha nilikifunga mimi, na mama huyu tumemnyang'anya kazi bila kosa.  Mitihani ya muhula uliofuata aliileta mwenyewe kwa Wambeti, ndani ya kiondo kile kile, na Winrose akarudi shule, amechelewa darasa zima.

Wambeti alizitoa karatasi, akazifungia kabatini, kisha akakijaza kiondo ndizi mpaka mdomoni, zile nzuri za juu ya mkungu. Mimi ningeweka mawe.