Viti Vitupu kwa Vernell

Jumamosi ya kuamkia Pasaka ya mwaka 1963, saa nne asubuhi, viti vyote sita vya saluni ya Vernell Tarpley vilikuwa vitupu. Kwa miaka kumi na tisa amewanyoosha nywele wanawake weusi wa mji huu mdogo wa Mississippi, na siku kama hiyo huwa wanajaa hadi barazani.

Sababu ilikuwa mezani: gazeti la Alhamisi. Jina la kila aliyeomba kujiandikisha kupiga kura lilichapwa gazetini, mji mzima ulisome. La Vernell lilitoka kwa mara ya tano. Kila mara karani alimpa kifungu cha katiba akieleze. Akaeleza, akaambiwa ameshindwa. Hakuna mzungu aliyeweza kumfukuza kazi, kwa kuwa hakuajiriwa na yeyote kati yao. Safari hii wazungu wakawaonya wapishi na wafua nguo wao: atakayeonekana kwa Vernell asirudi kazini.

Alipasha moto kitana cha chuma cha kunyooshea nywele, akakijaribu kwenye gazeti kama kawaida yake. Kikatoboa karatasi. Akakipooza, akafagia sakafu iliyokuwa safi, akakirudisha motoni, akachungulia dirishani. Wateja wasipokuja leo hawatakuja tena, na darasa lake la katiba, analowafundisha wapate kumjibu karani huku vichwa vyao viko mikononi mwake, litakuwa limekufa.

Mlango wa nyuma uligongwa. Alikuwa Beulah Stribling, mpishi wa wenye kinu cha pamba.

"Funga upesi, dada! Nimepita mabandani mwa kuku kama mwizi."

"Mama bosi hajakukataza?"

"Kanikataza. Nikamwambia, 'Ndiyo, mama.' Jibu si nimempa?"

Vernell alicheka kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi. "Kaa. Tulia, ukisogea nakuchoma sikio."

"Mwaka jana sikusogea na ulinichoma."

Beulah akalikunja sikio kwa kidole, akaanza kukariri kifungu cha wiki iliyopita. Katikati akageuza kichwa.

"Nywele hizi zitafika Jumatatu?"

"Pasaka ni kesho, Beulah."

"Najua Pasaka ni lini. Siwezi kusimama mbele ya yule karani kichwa kimevurugika."

Kitana kilisimama hewani.

"Jina lako litatoka gazetini."

"Si litakuwa karibu na lako? Choma nywele, bibi wee, kabla hakijapoa."

Mlango wa nyuma uligongwa tena. Vernell alipaza sauti kwamba uko wazi, kisha akamrudishia Beulah kichwa mahali pake.

"Anza upya. Umeruka mstari."