Pasi Mgongoni mwa Makoti

Hii pasi ya mkaa unayoiona mezani pangu, mwanangu, ndiyo inayonikumbusha siku ile. Umewahi kuniuliza, kwa Kiingereza chako cha shule, mbona siwapi wanunuzi wa vyuma chakavu nikapata nafasi ya kuweka vitambaa. Leo kaa nikujibu. Mimi nitasema Kiswahili, wewe nijibu kwa lugha yoyote unayotaka, tutaelewana tu.

Wakati huo nilikuwa sijafika miaka thelathini. Nimetoka Uvira kule Kongo, nimepanga chumba kimoja na wenzangu watatu Berea, hapa Johannesburg, na cherehani yangu iko hapahapa Malvern, kwenye barabara ya Jules, kati ya kinyozi na muuza simu. Kushona nilijua, na hilo hata asiyenipenda atakwambia. Lakini nilikuwa na ugonjwa mmoja: sikujua kusema hapana. Mtu akija na suti ya harusi, nitaweza. Akija na sare za shule za watoto watano, nitaweza. Mgeni katika nchi ya watu huogopa neno hapana, mwanangu. Nilidhani nikilitamka mara moja tu, mteja atavuka barabara aende kwa fundi mwingine na jina langu litakufa.

Basi ilikuwa inakaribia Pasaka. Mama Furaha, kiongozi wa kwaya ya akina mama pale kanisani kwetu Berea, akaniletea kitambaa cha zambarau cha kushona majoho kumi na mawili. Kwaya ile ilikuwa imealikwa kwa mara ya kwanza kuimba mbele ya makanisa mengine. Wale walikuwa wasusi, wauza mboga, wafagiaji wa maofisi, na kitambaa kile walikuwa wamekichangia kidogo kidogo tangu Krismasi.

"Fundi, tusipate haya mbele ya batu," Mama Furaha akaniambia.

"Sharp, Mama," nikamjibu, yaani sawa, kwa lugha ya mitaa ya hapa. "Nitaweza."

Haikupita wiki mbili, akaingia dukani mama mmoja wa Kizungu, ameshika mfuko uliochanika. Alikuwa na shamba Karoo, ile nchi kame ya juu, mbali huko, siku nzima barabarani. Kazi yake ilikuwa kuwapokea wageni waliotaka kutembea nyikani kutwa moja na kiongozi, huku maji na chakula chao vikibebwa na lama. Sasa lama, kama hujawahi kumwona, ni mnyama wa milima ya ng'ambo, jamaa ya ngamia ila hana nundu. Ana shingo ndefu, manyoya kama ya kondoo, na kope za bibi harusi. Mizigo yake huwekwa katika mifuko miwili inayoning'inia ubavuni, ambayo wazee wetu wenye punda waliiita shogi. Mama yule alitaka nimshonee shogi jipya, nilipeleke mwenyewe shambani, nitembee na wanyama siku mbili nione mahali linapowachubua, nirekebishe palepale. Tarehe aliyoitaja iliangukia wiki ileile ya Pasaka.

Unajua nilimjibu nini. Mshika mbili moja humponyoka, na mimi nilikuwa nimeshika tano.

Nikashona shogi la turubai gumu, mifuko ndani ya mifuko, kazi safi. Majoho nayo nikayapitisha kwenye cherehani usiku na mchana, lakini miaka ile umeme wa mji ulikatwa kwa zamu na cherehani yangu ilikuwa ya umeme. Siku ya safari ilipofika, Jumanne, majoho yote kumi na mawili yalikuwa hayajapindwa chini wala kutiwa vifungo. Kazi ya mkono hiyo, saa mbili kila joho. Ningerudi Ijumaa, na Jumamosi nilikuwa nimeahidi suti ya bwana harusi. Nikapiga hesabu yangu ya kijinga: nitayabeba majoho, nitakuwa nikipinda kila wageni wanapopumzika. Na kwa kuwa mchana wageni huchoma nyama kwenye moto, makaa yatakuwepo, basi nikabeba na pasi hii. Cheka tu, mwanangu. Hata mimi nacheka.

Kiongozi wa matembezi alikuwa Mzee Salvatori, Mrundi mrefu mwenye kofia ya pamba, aliyechunga ng'ombe tangu utotoni huko kwao. Uvira na Bujumbura ni majirani wa kuchungulia, kwa hiyo tulipatana tangu salamu. Asubuhi ya Jumatano baridi ilikuwa inauma masikio. Wageni walikuwa sita, watu wazima waliotoka Johannesburg kama mimi, na wanyama watatu. Mzee alikuwa na desturi moja. Kabla ya safari alitundika kila mfuko kwenye mizani ya ndoano mbele ya wote, wa kulia na wa kushoto mpaka ilingane, ndipo akamfunga mnyama.

"Muzigo unapimwa mbele ya watu," akaniambia. "Hakuna kupima kwa macho."

Moyoni nikacheka. Mimi fundi, maisha yangu yote napima kwa macho! Nikitazama bega la mtu nakupa sentimita zake. Mzee alipogeuka kuwafunga wale wengine, nikamfungulia shogi lama niliyepewa kumwongoza, jike jeupe waliyemwita Makoti, yaani bibi harusi kwa Kizulu. Majoho nikayasokomeza upande mmoja, pasi na mkasi wangu mkubwa upande wa pili. Shogi nilikuwa nimelishona mwenyewe, nilijua linabeba kiasi gani. Mgongo wa Makoti sikuushona mimi.

Tukaanza kupanda. Nchi ile ni mawe mekundu na vichaka vifupi vyenye harufu ya dawa, na vilima vyake viko bapa juu kama vimekatwa kwa rula. Makoti akaenda vizuri kwa saa nzima. Kisha akaanza kuguna, mmm, mmm, kama mama mkwe aliyeona jambo. Nikajifanya sisikii. Tulipofika kwenye mteremko wa mawe akasimama, akakunja magoti ya mbele, akakunja ya nyuma, akalala katikati ya njia na shingo yake imenyooka, ameridhika kabisa.

Nikavuta kamba. Nikambembeleza kwa Kiswahili, kwa Kifaransa, nikamsihi kwa Kizulu kidogo nilichokijua. Nikavuta tena kwa nguvu. Hapo akanigeukia na kunitemea mate ya majani yaliyocheuliwa, shati zima kijani. Wageni wakacheka mpaka mmoja akaketi chini.

Mzee Salvatori akarudi nyuma kututazama. "Fundi, kuna nini?"

"Eish, Mzee, sijui. Labda amekula kitu kibaya."

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu haikufika hata hatua kumi. Mzee akainama kwa Makoti. Akafungua shogi, akautundika mfuko wa kwanza kwenye mizani, kisha wa pili, akatikisa kichwa. Akaingiza mkono ndani. Likatoka joho la zambarau, likafuata jingine, na jingine. Wageni wakatazamana, hawajui kama wacheke au waombe. Halafu akaingiza mkono upande wa pili akaitoa pasi, akaiinua juu juani kila mtu aione.

Mwanangu, aibu niliyoisikia pale sitaki uionje. Nikataka niwe jiwe kati ya mawe yale. Nilijua akimwambia mwenye shamba nitarudishwa siku hiyohiyo, na majoho hayajapindwa, na Mama Furaha na wenzake watasimama mbele ya makanisa na nguo zenye nyuzi zinazoning'inia. Nikamweleza Mzee yote, kwaya, umeme, suti ya harusi, yote.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akachuchumaa karibu na Makoti, akamkuna shingoni.

"Mimi nimechunga ngombe," akasema. "Ngombe ukimuchapa fimbo anaenda, hata kama anaumia. Uyu hapana. Muzigo ukimushinda anakaa chini mbele ya watu wote, hana haya. Wewe muzigo ulikushinda toka Johannesburg. Ukanyamaza, ukakuja kumutwika mwenzako kwa siri. Sasa kati yenu wawili, nani ana akili?"

Nikatazama mate kwenye shati langu. Makoti naye akaguna, nadhani alikuwa na jibu.

Miongoni mwa wageni alikuwepo mama mmoja mwenye mvi, mwalimu mstaafu. Akaomba aelezwe kinachoendelea, na Mzee akamtafsiria. Yule mama akavua begi lake dogo la mgongoni, akaokota majoho mawili, akayakunja vizuri kuliko nilivyoyakunja mimi, akayatia ndani. Mwenzake akachukua mawili. Wageni sita, majoho kumi na mawili, na kabla sijapata neno la kushukuru chini hapakuwa na kitu ila mkasi na pasi. Nikamtazama Mzee kwa macho ya kuomba.

"Pasi utabeba mwenyewe," akasema. "Na mukasi."

Makoti alipofungwa tena na mizigo iliyolingana, akainuka bila kuambiwa, akanipita kama hanijui. Nami nikapanda kilima kile na pasi mkononi, nikibadilisha mkono kila nikichoka. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, ndivyo wasemavyo. Siku ile ndipo nilipojua uzito wa ule niliomtwika Makoti.

Kule juu, mahali pa kula, simu ilishika mtandao. Mzee akanyoosha kidole. "Piga. Mwambie yule mama ukweli wako."

Nilimpigia Mama Furaha. Nikasema maneno ambayo sikuwahi kuyasema tangu nilipoingia nchi hii: "Mama, nimelemewa. Sitaweza."

Nikasikia sauti za watu nyuma yake, na honi. Halafu akacheka.

"Fundi, sasa juu ya nini hukusema mbele? Sisi tuko bamama kumi na mbili, na kila mutu eko na mikono mbili! Tulifikiri unaona ni vibaya sisi tukuguse kazi yako. Jumamosi tutakuya boote kwako. Tafuta tu sindano na uzi."

Nilikaa juu ya jiwe nikalia kidogo, nisikufiche. Mwalimu mstaafu akaniletea kipande cha nyama, akadhani nina njaa. Nilikuwa nayo pia. Na makaa yalikuwepo, lakini sikuthubutu kuigusa pasi.

Siku mbili zile nilizimaliza kwa amani. Mzee hakunishtaki. Alinipeleka kwa mwenye shamba nikajishtaki mwenyewe, na yule mama akacheka, akakagua shogi lake, akaridhika. Mshono wangu haukuwa umekatika hata mahali pamoja, na hilo ningependa likumbukwe katika hadithi hii.

Jumamosi wakaja, kumi na wawili. Duka langu lilikuwa dogo kuliko hili, kwa hiyo waliketi kwenye ndoo, kwenye kreti, wengine nje kwa kinyozi. Kila mmoja akapinda joho lake huku wakifanya mazoezi ya nyimbo zao, na wapita njia wakasimama kusikiliza. Mimi nikawa natia vifungo, na pembeni suti ya bwana harusi inaendelea. Saa kumi umeme ukakatika. Wote wakanigeukia. Nikaitoa pasi chini ya meza, kinyozi akatafuta mkaa, na majoho yote yakanyooshwa hapohapo.

Jumapili waliposimama mbele ya makanisa, mimi niliona kwa jicho la fundi yale ambayo wengine hawakuyaona. Mapindo kumi na mawili, kila moja na mkono wake. Moja limepanda, moja limeshuka, na la Mama Furaha lilikuwa na mishono mirefu kama ya gunia. Sijawahi kutoa kazi iliyopinda vile dukani kwangu, wala sijawahi kuona nguo zilizovaliwa kwa furaha vile. Waliimba mpaka watu wakasimama juu ya viti. Nikamtumia Mzee Salvatori picha, naye akanijibu: "Makoti anakusalimia."

Basi, mwanangu, nakuambia wazi. Najua siku hizi nawe unasema nitaweza kwa kila mtu, kwa mwalimu, kwa mwajiri, kwa jamaa wa nyumbani wanaopiga simu. Nakuona unavyoingia na macho mekundu, nikikuuliza unasema uko sharp. Kabla hujapokea mzigo, upime mchana kweupe mbele ya wenzako, si kwa jicho lako peke yako. Ukishakulemea, usiufiche, na usimtwike aliye kimya kwa sababu tu hana ulimi. Kaa chini palepale njiani useme umenishinda. Huenda utatemewa mate kidogo, nayo hufuliwa. Lakini waliokuwa wamekaa wakikusubiri uombe watainuka, na utashangaa ni wengi kiasi gani.

Pasi haiuzwi. Mungu akupe mgongo wenye nguvu na mdomo usioogopa. Akupe marafiki wenye nafasi mabegani mwao, nawe ubakishe nafasi kwa ajili yao. Sasa niambie, kwa lugha yoyote: umebeba nini?