Maporomoko ya Kinue

Kinue Mukai alikuja ofisini kwetu akiwa na miaka arobaini na sita, na siku ya kwanza nilidhani ni mama wa mtu aliyemletea mwanawe chakula. Hata nikamwelekeza jikoni. Akasema, "Nimeajiriwa," akavua viatu, akavipanga vizuri mlangoni, akauliza meza yake ni ipi. Wengine wote mle ndani tulikuwa vijana wa ishirini na kitu, nywele hazijaona kitana, tunakula mkate juu ya kibodi. Mpaka leo nikiikumbuka ile jikoni naona aibu.

Alitoka Nishijin, mtaa wa wafumaji, hapo hapo Kyoto, Japani, ilipokuwa ofisi yetu. Kwa miaka ishirini na minane kazi yake ilikuwa kuandaa michoro ya mikanda ya kimono. Unachukua karatasi ya miraba midogo, unapaka rangi mraba mmoja mmoja, na mfumaji anaifuata miraba hiyo uzi kwa uzi. Kimono zikakosa wavaaji, karakana ikafungwa. Bosi wetu Kuwabara alisikia habari zake kwa kinyozi, akasema huyo ndiye ninayemtafuta. Maana dunia za gemu zetu, zile za mashujaa na majoka na wafalme waliolaaniwa, nazo zilikuwa miraba mitupu. Misitu, vijiji, mapango, vyote tulivijenga kwa vigae vidogo vya nukta, na kila kigae kilikuwa na rangi kumi na tano tu. Sisi tulilalamikia uchache huo kutwa kucha. Kinue hakuelewa tunalilia nini.

"Kumi na tano?" alisema. "Kwani mnataka kuzivaa zote?"

Msitu wake ulikuwa kigae kimoja kilichorudiwa mara mia mbili, lakini hukuona kinapoishia wala kinapoanzia. Alijua kuficha mshono. Mimi ndiye niliyekuwa naandika programu, nikijua kabisa msitu ule una mti mmoja tu, na bado nilikuwa napotea ndani yake.

Mwaka wa tisini na moja Kuwabara alitaka maporomoko ya maji. Nyuma ya maji kuwe na pango, na mchezaji alione kwa mbali, kiasi cha kumtia hamu na woga, kabla hajathubutu kuingia. Nilimwambia mashine yetu haiwezi kuonyesha kitu nyuma ya kingine. Ama maji, ama pango. Nilisema kwa raha, maana sisi waandishi wa programu hakuna neno tunalolipenda kama "haiwezekani." Kinue alirudi mezani kwake. Baada ya siku mbili akaleta maji yake: mstari wa maji, mstari mtupu, mstari wa maji, mstari mtupu, kutoka juu mpaka chini. Kwenye skrini zetu za ofisini, zilizokuwa kali kama wembe, kila mstari ulisimama peke yake.

"Kinue-san," Kuwabara akasema, kwa ile -san yetu ya heshima, "haya ni maji au ni uzio wa kuku?"

Ofisi nzima ikaangua kicheko. Mimi nilicheka kuliko wote.

"Ni maji," Kinue akajibu. "Ila hapa si mahali pa kuyaangalia."

"Mahali pake ni wapi?"

"Huko yatakakoangaliwa." Akanigeukia mimi. "Onishi-san, acha kujichekesha, nipe kaseti."

Nikaiandika gemu kwenye kaseti ya majaribio, tukashuka ngazi hadi mgahawa wa tambi uliokuwa chini yetu. Mwenye mgahawa, Tatsumi, alikuwa na televisheni kuukuu ya kutazamia mieleka. Tukachomeka mashine ya gemu. Sasa, televisheni za majumbani za enzi zile hazikuweza kuzitenga rangi mbili zinazopakana. Nukta moja iliegemea nyingine, picha ikawa na ukungu kidogo. Ile mistari ikayeyuka. Maji yakawa yanashuka, na nyuma yake pango likaonekana, jeusi, kama mtu aliye nyuma ya pazia la bafu. Tatsumi akabaki na upawa mkononi.

"Huko ndani kuna nini?" akauliza. Kisha, upesi, "Usiniambie! Leta hapa, nicheze mwenyewe."

Supu ikafurika jikoni na yeye hana habari. Kuwabara alituagizia wote tambi za udon, na kwa Kuwabara huko ndiko kuomba radhi.

Nilimuuliza Kinue amejuaje. "Nina televisheni nyumbani," akasema. "Nyinyi hata nyumbani hamwendi. Mkanda hatuuangalii kwenye karatasi, Onishi-san. Tunauangalia mgongoni mwa mvaaji, akiwa ng'ambo ya barabara."

Miaka ile niliipenda, nasema wazi. Baridi ya miguuni, harufu ya supu ikipanda kwenye sakafu ya mbao, Kinue akinigombeza nichane nywele. Sijacheka hivyo tena mahali popote pa kazi.

Kisha akastaafu, nami nikaota mvi. Mwaka 2017 kampuni ikaamua kuitoa upya gemu ile, na msimamizi wake, binti mmoja aitwaye Chinatsu, akatuita sote wawili. Kwenye televisheni bapa za siku hizi kila nukta inaonekana kama ilivyo, na mistari ya Kinue ilikuwa imerudi kuwa mistari. Mtandaoni vijana walikuwa wakiicheka. Chinatsu alieleza kwa adabu zote: maporomoko yanaweza kuachwa hivyo hivyo, au yachorwe mapya. Aamue mwenyewe aliyeyachora.

Mimi nikadakia. Hakuna kugusa, nikasema. Nikahutubia juu ya historia, juu ya heshima, juu ya watoto wasiojua kitu. Kinue, miaka sabini na minne, alikuwa ameinamia skrini, miwani imeshuka puani.

"Umemaliza, Onishi-san?"

"Bado."

"Basi maliza."

Nikaketi.

"Mimi sikuchora mistari," akamwambia Chinatsu. "Nilichora maji. Haya hayashuki tena. Yaondoeni, nitachora mengine."

Nilimfuata mpaka kituo cha basi nikiwa nimefura. Nikamwambia anaitupa kazi yake bora kwa mikono yake mwenyewe.

"Wewe unataka nibaki na uzio wa kuku," akasema, "ili upate kukumbuka udon."

Iliniuma kwa sababu ilikuwa kweli. Basi likaja, akapanda.

Alichora siku nne. Walimpa kalamu ya kuchorea juu ya kioo na mamilioni ya rangi. Akachagua sita, akaomba nyingine zifungwe zisimpigie kelele. Nami nilikwenda kila siku, bila kualikwa, nikisingizia kukagua mwendo wa maji. Siku ya nne yakashuka. Pango lilionekana nyuma yake, na upande wa kushoto maji yalisitasita kwenye jabali kabla ya kuanguka, mtindo wake yeye na si wa mtu mwingine. Nilitafuta kasoro kwa bidii zote. Sikuipata.

Chinatsu akaandaa kila kitu, na mashine ikauliza kama maji ya zamani yafutwe. "Mukai-san, tafadhali bonyeza wewe," akasema.

Kinue akanyoosha kidole. Kikabaki hewani.

"Onishi-san, njoo," akasema. "Mkono umegoma."

"Si wewe uliyesema yaondolewe?"

"Ni mimi. Njoo."

Nikabonyeza. Uzio ukatoweka, likabaki jabali kavu kwa kitambo, ndipo maji mapya yakaanza kushuka. Kinue alikuwa tayari amesimama. Aliiinamia skrini, akainama sana, jinsi tulivyokuwa tukimwinamia mwenzetu anayevaa koti jioni kwenda zake nyumbani, akasema, "Pole na kazi."