Bibi Alivyonyimwa Mwanga Same

Nasikia hapa Shighatini mnasema bibi yangu Nakundwa alinyimwa mwanga kule Same kwa sababu ya mdomo wangu. Basi nawasimulia safari yenyewe, na bibi kaniruhusu niseme yote.

Kilichotutoa nyumbani ni kidonda ndani ya mdomo wake wa chini, hakitaki kupona. Alifika mahali makande yanaiva, yanapakuliwa, yeye anayaangalia tu. Jirani yetu Mama Elinami ndiye aliyeleta habari: Same kuna dokta wa meno ana kimashine cha mwanga mwekundu. Shemeji yake aling'olewa gego, akamulikwa, maumivu yakapungua na shimo likafunga mapema. Mimi shule sikufika mbali, ila simu ninayo. Nikasoma, nikaona kweli mwanga huo upo, unatuliza maumivu na kuamsha nyama ijijenge. Nikamwambia bibi, tunashuka.

Alfajiri tulipanda bodaboda, bibi katikati, mimi nyuma nimemshikilia. Ukungu umelala kwenye migomba, njia inateleza, kila shimo bibi anaguna. Nikamfokea dereva apunguze mwendo.

"Kaka, nikipunguza zaidi ya hapa tutasukuma."

Nilitaka kumjibu, bibi akanifinya mkono.

Bondeni tukachukua basi. Kisangara, Lembeni, mkonge na vumbi. Bibi kajifunika kanga mdomoni. Nikamuuliza kama ana njaa.

"Njaa ninayo," akasema. "Mdomo ndio sina."

Same tulipokewa na upepo wake ule wa mchanga. Kliniki mlango ulikuwa wazi, nikamwona mzee mmoja kavaa miwani myeusi, kamulikwa taa nyekundu shavuni, katulia kama kalala. Nikamwonyesha bibi. Akatabasamu kidogo, ikamuuma, akaacha.

Dokta alikuwa dada mdogo tu. "Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Akaangalia kidonda, akambonyeza chini ya taya. Halafu, "Bibi, unatumia ugoro?"

"Hapana."

"Dokta," nikaingilia, "huyu ni mama wa kanisa. Kaja kumulikwa, hakuja kuhojiwa."

"Kaka, hiki sikimuliki kabla sijajua ni kidonda cha nini. Mwanga huu unaamsha nyama. Kama ni nyama mbaya, sitaki kuiamsha."

Hapo ndipo nilipopayuka. Nilisema yule mzee kamulikwa, sisi wa milimani tunarudishwa. Hayo ndiyo mliyoyasikia. Yaliyofuata hamkuyasikia.

Bibi alifungua fundo la kanga, akatoa kikopo, akakiweka mezani. "Kaa chini, baba," akaniambia. Akamgeukia dokta. "Naweka hapohapo penye kidonda. Toka babu yake afariki."

Nimekulia nyumba moja na bibi. Kile kikopo sikuwahi kukiona.

Dokta hakumgombeza. Akampa dawa ya maumivu, akasema twende hospitali kubwa Moshi, wakate kipande kidogo wakapime. Mwanga utakuja baadaye, kama majibu yataruhusu.

Kurudi, tukafika Lembeni.

"Ni kansa?" bibi akauliza.

"Hajasema."

"Hajasema siyo hapana."

Jioni tukafika nyumbani. Mama Elinami na wamama wawili wa kwaya walikuwa wanatusubiri uani na sufuria ya makande, wameyapondaponda yawe laini.

"Umemulikwa?"

"Bado," bibi akasema. "Nyie mnaotumia ugoro na mimi, fungueni midomo mtoto aangalie."

Wakaangaliana, wakaniangalia. Mwisho Mama Elinami akavuta kigoda karibu, akavuta mdomo wake chini. Nikawasha tochi ya simu. Ndani palikuwa na baka jeupe, limekunjamana kama utando wa maziwa yaliyochemka.

"Panauma?"

"Wala."

Bibi alikuwa amesimama nyuma yangu, kaliona. Akamshika Mama Elinami bega, hakuondoa mkono.

Kwa hiyo msiniulize tena kuhusu mwanga. Mimi nilidhani kumtetea mtu ni kumkinga asiulizwe, na dokta angenisikiliza, angemulika kitu asichokijua. Jumatatu bibi anashuka kwenda Moshi, na Mama Elinami kasema anakwenda naye. Bodaboda haitubebi wote. Wao watapanda, mimi nitatangulia kwa miguu.