Waliojaa Chini ya Joho

Kazi yangu ni kuandika vibao: kinyozi, duka la dawa, hapa pauzwa mkaa. Karakana yangu iko Magarama, mjini Gitega. Siku moja padri wa kanisa dogo anakosali mama yangu, kule Gashoho, Muyinga, aliniletea ukurasa wa kalenda ya zamani na kuniuliza kama ningeweza kuinakili picha yake kwa mkono. Nilikubali kabla hajamaliza kuuliza.

Ilikuwa picha ya Ulaya, ya miaka mia tano na zaidi. Bikira Maria amesimama, mrefu kuliko wote, amefungua joho lake kwa mikono miwili, na chini ya joho wamepiga magoti watu wadogo wadogo: askofu, wafalme, wake za matajiri, na nyuma yao nyuso zisizo na vyeo, zimebanana. Wachoraji wa siku hizo walibandika dhahabu halisi, na buluu waliisaga kutoka kwenye jiwe la thamani. Mimi nilikuwa na kopo la rangi ya dhahabu ya mageti, na buluu iliyobaki kwenye kibao cha muuza samaki. Nikajiambia Mama wa Mungu ataelewa.

Kosa langu lilikuwa kujifanya msomi. Wajumbe wa kamati ya kanisa waliniuliza wale watu wadogo ni akina nani, nami nikawaeleza kwamba zamani aliyetoa mali yake kwa ajili ya picha alichorwa humo humo, amepiga magoti. Heri ningenyamaza. Jumapili iliyofuata, baada ya misa, kila mjumbe alikuja na foto pasi, ile picha ndogo ya kitambulisho.

Mwenyekiti alileta mbili, moja amevaa koti, nyingine hana. Alinisemesha Kiswahili makusudi, ingawa Kirundi nakijua vizuri, ili nisisahau kwamba nimekulia kambi ya wakimbizi, Tanzania.

"We fundi, mi uniweke mbele, pale iko ule askofu," alisema. "Lakini kupiga magoti, hapana. Donc, uniweke ku kiti."

Nilimwambia kwamba humo hata wafalme wamepiga magoti.

"Ile iko wafalme yao," alisema.

Kwetu, iwe harusi, iwe siku ya kumaliza msiba, watu huketishwa kwa vyeo: viti vyenye mikono mbele, mabenchi katikati, majani nyuma, na soda hufuata njia hiyo hiyo, ikifika kwenye majani imeisha. Kamati ilipanga chini ya joho vivyo hivyo. Katibu alitaka kuwa kulia. Mweka hazina alitaka kuwa karibu na mguu wa Bikira. Wote walitaka kutazama mbele, si kumtazama Bikira, maana kwenye foto pasi ndivyo mtu anavyotazama. Mmoja aliniomba nimwondolee upara. Picha ya watu wanaoomba huruma ikawa kama kitambulisho cha pamoja.

Mama yangu naye aliomba nafasi. Tangu turudi anaitwa yule wa Tanzania, hata kwenye foleni ya maji. Alibeba mawe ya msingi wa kanisa lile, na bado wakipanga watu wanampanga mwisho.

"Mwanangu, niweke hata nyuma kabisa," aliniambia. "Waone kwamba na mimi ni wa hapa."

Picha yake pekee ilikuwa ya kambini, ameshika namba kifuani. Nilimchora bila namba, mstari wa pili, nyuma ya kiti cha mwenyekiti, na kilemba chake nikakipaka buluu ile ile ya joho. Katika kazi nzima, uso wake ndio pekee niliouchora kwa furaha.

Mwenyekiti alikuja Magarama kukagua. Alijitazama kwa muda mrefu.

"Koti iko ndogo," alisema. "Mabega yangu inapita hii. Na huyu mama wa Tanzania anafanya nini ku mugongo yangu?"

"Alibeba mawe, mzee."

"Mawe tulibeba wote. Ongeza koti."

Ningeweza kukataa. Lakini nilitaka kazi yangu itundikwe ukutani kanisani, padri anitaje mbele ya watu, nisiandike tena hapa pauzwa mkaa. Nikachukua brashi pana. Bega la kushoto la mwenyekiti likapanuka, na mama akafunikwa, kidevu kwanza, kilemba mwisho. Ilichukua dakika chache tu.

Siku ya kuibariki, pazia lilipovutwa, watu walipiga makofi. Padri alifuta miwani, akaitazama tena, akanyunyiza maji ya baraka. Jina langu hakulitaja. Watu walipotoka, mama alibaki mbele ya picha.

"Niko wapi?" aliuliza.

"Nyuma ya koti."

"Umenifuta?"

"Sikukufuta. Nimepaka juu yako."

Niliona aibu hata sikujua nitazame wapi. Mama alisogea, akaligusa lile bega kwa kidole, akaangalia kama rangi inatoka.

"Basi nipo," alisema.

Tangu siku hiyo anakaa benchi la kushoto, mkabala na lile bega. Wageni wakija huwaonyesha: mimi ni yule wa nyuma ya koti, mwanangu ndiye aliyenichora. Wageni hutafuta, hawaoni kitu, huitikia kwa adabu. Mara ya mwisho nilipokwenda Gashoho nilikaa naye. Katikati ya mahubiri aliniinamia.

"Kilemba ulinivalisha cha rangi gani?"

"Buluu. Ile ya joho lenyewe."

Akamtazama mwenyekiti pale ukutani, juu hadi chini.

"Yeye ulimpa kijivu," alisema, akaendelea na rozari yake.