Baridi ya Makambako ilivyonifanya niote moto mmoja na baba mkwe

Wakuu, shikamoo zenu nimezipokea kabla hamjazitoa, maana humu ndani wengi wenu ni wajukuu zangu. Nachapa kwa kidole kimoja, mnivumilie. Hii siyo chai, ni yaliyonikuta mwenyewe.

Miaka ya hamsini, kabla ya uhuru. Mume wangu alikuwa kibarua kwenye mashamba ya tumbaku Iringa, mimi niko kwetu Tukuyu na kichanga chetu cha kwanza. Akaagiza nimfuate. Baba yake naye alikuwa na safari ya huko huko, tukapanda lori moja.

Sasa shida ndiyo hapo.

Kwetu Wanyakyusa, mke hamtazami baba mkwe wake. Humtaji jina, huingii alimo, mkikutana njiani unajifunika na kupita porini. Tulikuwa Wakristo, kanisani kila Jumapili, lakini hilo halikututoka.

Basi yeye akakaa mbele na dereva, mimi nyuma juu ya magunia, chini ya turubai. Msiniulize kwa nini hatukubadilishana. Kukalia kiti alichokalia yeye ulikuwa mwiko uleule.

Mwezi wa saba huo. Mbeya tulipita tukitetemeka, Igawa tukapata joto kidogo, tulipopanda Makambako nikajua nimeyakanyaga. Ukungu mzito, manyunyu, upepo unaingia hadi chini ya turubai.

Mtoto akaanza kukohoa, kisha akaacha hata kulia. Midomo ikabadilika rangi. Niliogopa wakuu, nisiwadanganye.

Dereva alitaka tukalale Iringa. Nikasikia sauti ya mzee huko mbele: "Simamisha gari. Safari ya leo imeishia hapa. Kuna mtoto nyuma."

Tukapokelewa na mama mmoja wa Kibena. Nyumba ya chumba kimoja, moto mmoja. Dereva akaenda na lori lake kutafuta pa kulala. Nikaingia. Mzee akabaki nje, ameegemea ukuta, manyunyu yanamshukia na jioni ndiyo hiyo inaingia.

Mama wa watu akaniuliza, "Mmegombana?"

Nikamwambia hapana mama, ni heshima.

"Heshima gani ya kumuua mzee wa watu kwa baridi?"

Hapo nilifikiri sana. Yeye ndiye aliyekatisha safari kwa ajili ya mwanangu, halafu mimi ndiye ninayemfungia mlango. Nikajifunika kaniki usoni, nikasema kwa sauti asikie, "Mtoto anamwita babu yake."

Kisha mlango ukalia.

Akakaa kanipa mgongo. Yule mama akampelekea mtoto, naye akamweka kifuani, ndani ya koti lake. Baadaye nikamsikia akimwambia kichanga, "Mwambie mama yako alale, unapumua vizuri."

Nililia ndani ya kaniki yangu.

Iringa tulifika kesho yake, jua limetoka, mtoto ananyonya. Mimi na mzee hatukusemeshana tena maisha yetu yote.

Uso wake niliuona siku ya kumzika. Ulikuwa uso wa mwanangu, uleule niliokuwa nauosha kila asubuhi.

Nilichojifunza: mila hatukuitupa na mtoto alipona. Mtu akitaka njia ya kumstahi mwenzake, ataiona.

Sasa nyie mnaokaa nyumba moja na wakwe zenu na hamsalimiani, hebu niwekeeni sababu zenu hapo chini. Nitazisoma zote.