Kitambaa cha Mafuta

Mama yangu hakuwa na ugomvi na mtu ila na uchafu. Kwetu Manga, Ijumaa kabla jua halijagusa kilima, kila nguo ya nyumba ilikuwa imefuliwa na kuanikwa, kwani Sabato haipokelewi na nyumba chafu.

Mimi nilikuwa mwalimu wa kemia, miaka ya sabini ikianza. Nilikuwa nimechoka kufundisha kwa chaki vitu nisivyowahi kuvigusa, na Jumatatu wageni kutoka Nairobi wangekuja kuchagua mwalimu mmoja wa kwenda kusoma zaidi. Cha kuwaonyesha nilikuwa nacho kimoja tu: kipande cha turubai kilicholowa mafuta, kimesimamishwa katikati ya chombo cha kioo. Upande huu maji ya iodini, upande ule maji matupu. Mafuta yaliyojificha ndani ya nyuzi yaliipitisha iodini na kuyazuia maji. Taabu ni kwamba mafuta hayakai. Yakikaa, kitambaa huota utelezi kikaziba. Nilihangaika mihula miwili ndipo nikajua: kisafishwe kwa mafuta ya taa, kisha kilowekwe upya. Sabuni kisiione kabisa, maana sabuni huyafukuza mafuta kwenye nyuzi.

Kipande cha kwanza kilitafunwa na panya wa shule. Hiki cha pili nikakipeleka nyumbani, nikakitundika jikoni. Ijumaa nilirudi jua likizama, nikakikuta uani, cheupe, kinanukia sabuni ya mche.

“Kilikuwa kinanuka, mwanangu,” mama akasema. “Nimekisugua mpaka mikono inawaka. Sasa wageni wako hawatakucheka.”

Nilikuwa na hasira ya kuvunja vyungu, na Sabato ilikuwa imeshaingia. Nikashinda nayo kanisani kesho yake, nikiimba.

Jumapili nilikichemsha na kukisuuza hadi kuni zikaisha, nikakiloweka mafuta. Usiku kucha kilishika, nikadanganyika. Jumatatu, wageni wakiwa wameinama kutazama, mafuta yakaanza kutoka tone kwa tone, yakaelea juu, na maji ya kahawia yakamiminikia upande wa pili. Mmoja wao alivua miwani, akaifuta, akasema, “Asante, mwalimu.”

Alichaguliwa mwingine. Nilimwambia mama kwamba nimekosa nafasi, sikumwambia kwa nini. Maji yakimwagika hayazoleki, na mikono yake ilikuwa bado na malengelenge.

Sabato iliyofuata, wakati wa shukrani, mama alisimama mbele ya kanisa. Akasema tangu baba afariki alikuwa akimwomba Nyasae, Mungu wetu, asimpeleke binti yake mbali, na sasa amejibiwa. Watu wakaitikia amina. Kanisani kwetu, mtu ambaye shukrani zinatolewa kwa ajili yake naye husimama, aonekane. Wote waligeuka kunitazama, mama akitabasamu kuliko wote. Nilisimama.